Shangazi, kila nikitoka nyumbani sukari inapanda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 44, naishi Chikongola hapa Mtwara Mjini na mke wangu na watoto watatu. Kazi yangu ni kupima ubora wa korosho kwenye maghala, kwa hiyo msimu ukifunguliwa nyumbani naonekana kwa nadra. Leo Newala, kesho Tandahimba, keshokutwa Masasi, na safari nyingi ni za pikipiki.

Mwaka jana niligundulika nina kisukari. Nilianzishiwa metformin, baadaye nikaongezewa glibenclamide ya asubuhi. Mtaalamu wa lishe akatukalisha mimi na mke wangu, akasema tupunguze wanga: ugali na wali viwe kidogo sana au visiwepo, soda basi, sukari kwenye chai basi. Mke wangu alilishika hilo kuliko hata mimi. Nyumbani nakula samaki, mchicha au matembele, mayai, parachichi likipatikana, na kipande cha ugali siku nikizidiwa na hamu. Sukari ya asubuhi ilikuwa inasoma 11 mpaka 13 kwa kipimo cha mmol/L. Ikashuka mpaka 7, mara nyingine 6. Suruali zangu zote zimelegea.

Taabu iko nje. Kwa mama lishe wa ghalani kuna wali maharage, wali samaki, ugali samaki, basi. Nikimwambia anipunguzie wali, anatoa kijiko kimoja na kuniangalia kama nina ugomvi naye. Ofisini chai inakuja kwenye chupa ikiwa imeshatiwa sukari, pamoja na maandazi na mihogo ya kukaanga. Wenzangu wananiita Janabi, yule daktari wa kuwaambia watu ukweli kuhusu sahani zao, tunacheka, na andazi nakula. Kwenye misiba na harusi ndiyo kabisa, maana tunakula sinia moja watu watano au sita, na mtu akiacha kula wote wanamtazama.

Kubwa kuliko yote ni ukweni. Kwao mke wangu ni kijijini Tandahimba, na nikipita kikazi lazima nifike. Mama mkwe ananipenda. Anasonga ugali wa muhogo mweupe pee, kisamvu cha nazi na dagaa pembeni, anapakua mlima. Kuna siku nilikula robo nikanawa. Alinyamaza. Baadaye akampigia binti yake kumuuliza kama nimemkasirikia, au kama mjini nimepata mwingine anayenipikia vizuri zaidi. Tangu siku hiyo namaliza sahani, na kesho yake mashine inasoma 14. Kule ukweni hawajui kuwa naumwa. Nilimkataza mke wangu asiseme, sikupenda nionekane mkwe mgonjwa.

Nikajaribu na njia ya kutokula kabisa. Nameza vidonge asubuhi, nakunywa chai kavu, nashinda hivyo mpaka nirudi gesti usiku. Juzi kati, natoka Newala, mikono ilianza kutetemeka, jasho la baridi likanitoka, macho yakaingia ukungu. Nikasimama kwenye kiduka cha njiani nikanunua soda, nikapata nafuu. Nadhani ilikuwa njaa na jua.

Wapo wanaoniambia ugali wa muhogo na wa dona hauna sukari, eti nile tu. Naomba unishauri, nikiwa nje nile nini na nikatae vipi? Na mama mkwe nifanyeje bila kumvunjia heshima?

Mpima Korosho, Mtwara

* * *

Marahaba mwanangu,

Naanza na hiyo safari ya Newala uliyoitaja kama jambo la kupita, kwa sababu ndiyo iliyonishtua. Hiyo haikuwa njaa na jua. Kutetemeka, jasho la baridi na ukungu machoni ni dalili za sukari kushuka kupita kiasi, na ulikuwa juu ya pikipiki.

Glibenclamide inalisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoteremsha sukari, uwe umekula au hujala. Metformin peke yake ni nadra kumfikisha mtu hapo. Ulipokuwa unakula wali na ugali kila siku, dozi uliyopewa ilikuwa na kazi ya kufanya. Sasa umepunguza wanga, na juu yake unashinda bila kula, dozi ileile imekuwa nzito kwako. Kupunguza wanga umefanya vizuri sana, ila dawa nayo inatakiwa iangaliwe upya. Usiipunguze mwenyewe wala usiiache. Nenda kliniki wiki hii, iwe Ligula au popote unapotibiwa, beba daftari la vipimo, na umweleze daktari yote matatu: nimepunguza wanga, nasafiri kwa pikipiki, na nimewahi kutetemeka njiani. Mgonjwa akisema tu "naendelea vizuri", daktari naye ataandika dozi ileile.

Kabla hujamwona, usimeze glibenclamide halafu ukaruka mlo. Mashine ya kupimia iwe kwenye begi unalosafiri nalo. Dalili zikirudi, simamisha pikipiki kwanza, halafu pima. Ikisoma chini ya 4, au kama mashine huna hapo, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida. Hiyo ni kama gramu 15 za sukari. Subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado iko chini rudia. Ikishapanda, kula chakula, ndipo uendelee na safari. Saa hiyo sukari ni dawa, usione umevunja masharti. Kwa hiyo hata wewe unayekwepa sukari, tembea na kifuko kidogo cha sukari mfukoni. Na kwa kuwa msimu wa korosho ndio msimu wa mabibo, nakuomba uraka, ile pombe ya mabibo, uachane nao. Pombe inalizuia ini kutoa sukari yake ya akiba. Ukiichanganya na kidonge hicho kwenye tumbo tupu, unaweza kuzimia gestini pasiwe na mtu wa kukuona.

Sasa hao wanaokuambia muhogo na dona havina sukari. Unga wa makopa, yaani muhogo mkavu, karibu wote ni wanga, na wanga ukishameng'enywa unakuwa sukari kwenye damu, ulimi uuone mtamu au usiuone. Dona lina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, na kwa hilo ni bora, lakini wanga wake haupungui kiasi cha kukuruhusu mlima. Ming'oko nayo ni wanga, hata kama imechimbwa porini. Nakupa hesabu ndogo. Gramu 100 za wali uliopikwa zina wanga kama gramu 28, na sahani ya mama lishe iliyojaa inafika gramu 300, mara nyingine 400. Hapo umeshakula wanga wa gramu 84 mpaka 112. Wataalamu wengi wakisema mlo wa wanga kidogo wana maana siku nzima isivuke gramu 130. Chapati mbili nene za asubuhi na sahani moja ya wali vinaimaliza siku yako kabla ya saa nane mchana. Kiwango chako wewe akupangie mtaalamu wa lishe, mimi nakuonyesha tu kwa nini kijiko kimoja kilichotolewa na mama lishe hakikusaidii kitu.

Na korosho, mwanangu. Najua ghalani za kukaanga hazikosekani mezani, na watu husema ni mafuta tu. Gramu 100 za korosho zina wanga kama gramu 30. Karanga zina kama 16, na nusu yake ni nyuzinyuzi. Kiganja kimoja cha korosho hakina neno, ni chakula kizuri. Mkono ukienda mdomoni tangu asubuhi mpaka mnada uishe, unaweza kuwa umekula wanga wa sahani ya wali bila kukaa mezani. Karanga za kuchemsha au za kukaanga bila sukari zitakufaa zaidi kwa kutafuna kutwa, nazo zipime kwa kiganja.

Tuje kwa mama lishe, kwa sababu hapo ndipo unapokula siku nyingi kuliko kwingine kote.

Unamwambia "nipunguzie wali" saa ngapi? Saa saba mchana, sahani iko mkononi mwake, nyuma yako wamesimama wapagazi wa ghala na madereva wenye njaa. Saa hiyo ombi lako analisikia kama lawama. Tena ielewe na biashara yake. Wali ndio unaoijaza sahani kwa bei nafuu, samaki ndiye aliyemgharimu. Ukisema apunguze wali aongeze samaki kwa bei ileile, unamtia hasara. Lazima akuangalie vile.

Nenda saa nne asubuhi, kabla ya watu, wakati bado anachambua mchicha. Msalimie, kaa kwenye benchi lake, mwambie wazi: "Mama, mimi nina kisukari, wali na ugali nimezuiwa. Nitakula kwako msimu wote. Niwekee samaki wawili, mboga za majani bakuli zima, na mchuzi. Samaki wa pili nitalipa bei yake." Taja ugonjwa kwa jina lake. Mtu akisikia unafanya diet anaona unaringa, lakini akisikia kisukari anamkumbuka mjomba wake aliyekatwa mguu. Mama lishe wengi wana mgonjwa wa sukari au wa presha nyumbani kwao, na wanajua kumtunza kuliko tunavyodhani. Lipa vizuri, lipa bila kukopa, na baada ya siku chache utakuta sahani yako imefunikwa pembeni kabla hujafika.

Kuna vitu vya kumuuliza. Samaki amekaangwa mtupu au amepakwa unga wa ngano? Mchuzi umeongezewa viazi? Tui la nazi lisikutishe, wanga wake ni mdogo, na ndilo litakalokushibisha. Kisamvu, matembele, majani ya maboga, mlenda, bamia, kula mpaka uridhike. Maharage na mbaazi vina wanga, ila vina nyuzinyuzi na protini, kwa hiyo nusu kikombe ndiyo iwe ugali wako wa siku hiyo. Usile maharage na wali pamoja ukajihesabia kuwa maharage ni mboga tu.

Siku mama lishe hayupo, nenda kwa muuza chipsi. Agiza mayai matatu bila chipsi, mishikaki, na kachumbari ya kujaa, tomato sosi iache kwa sababu ina sukari. Asubuhi supu ni rafiki yako, ya mbuzi, ya kuku au ya pweza. Weka yai la kuchemsha mahali pa chapati, na ndizi zikielea mle ziache kwenye bakuli. Kama una presha, mwambie asiongeze chumvi. Safari za Dar es Salaam nazo hazina ugumu ukijipanga. Basi likisimama Nangurukuru au Somanga, samaki na mayai vinapatikana. Unachohitaji kubeba ni maji na kifuko chako cha karanga, ili ukishikwa na njaa katikati ya pori usiishie kwenye biskuti na soda.

Chai ya ofisini imalize kwa mazungumzo ya mara moja. Mwombe anayepika aiache bila sukari, na sukari ije kwenye kopo lake, kila mtu ajitilie. Nina hakika hapo ofisini wapo wengine wenye sukari au wanaoelekea huko ambao watashukuru kimyakimya. Andazi likifika mezani, wewe uwe umeshakula mayai yako. Mwenye njaa hawezi kulishinda andazi la moto, usijipe mtihani huo kila siku. Na hilo jina la Janabi lipokee vizuri. Profesa Mohamed Janabi ni daktari bingwa wa moyo aliyeiongoza Muhimbili, na mwaka 2025 akaenda kuliongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Kuitwa kwa jina la mtu aliyewaambia Watanzania ukweli kuhusu sahani zao si tusi. Anayekuambia haya ni mambo ya mtandaoni tu, mweleze kuwa mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kiliandika kwenye ripoti yake kuwa kupunguza wanga ndiyo njia ya mlo yenye ushahidi mwingi zaidi katika kuteremsha sukari ya damu.

Sinia ina adabu zake, na wewe unazijua. Nyama iko katikati, na hakuna anayeigusa mpaka wali upungue. Ukisema wewe ule nyama tu uache wali, utaonekana mlafi na mwenye dharau kwa pamoja. Kwa hiyo shughulini usiende na njaa. Kula nyumbani au gestini kwanza, samaki wako na mboga zako. Ukikaa kwenye sinia, kula pole pole, tonge dogo, zungumza na jirani, sifu pilau. Tonge moja la gramu 30 lina wanga kama gramu 8. Matonge manne yatakupa kama gramu 32, na hizo unaweza kuzibeba kama siku yako umeipanga. Chukua finyango yako zamu ya nyama ikifika, sema alhamdulillahi, nyanyuka ukanawe. Kwenye sinia la watu sita hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake, wanachokiona ni kuwa ulikaa nao. Ukitoka hapo tembea kidogo kwa miguu, hata dakika 15, inasaidia kuzuia sukari isipande sana. Na kama siku hiyo ulizidiwa ukala sana, kesho usijiadhibu kwa kufunga huku unameza glibenclamide. Rudi tu kwenye mlo wako.

Sasa mama mkwe, na hapa nitasema bila kuficha kwa sababu nakupenda. Huyu mama anakupikia gizani. Ameona mkwe aliyekuwa akila vizuri ghafla anaacha chakula, hakuna aliyemwambia sababu, akatafuta sababu mwenyewe, na aliyoipata inamuumiza yeye na inamchafua mkeo. Umeficha ugonjwa ili ulinde heshima yako, na kila ukimaliza mlima ule unalipa kwa mashine kusoma 14. Kisukari si aibu. Mkwe anayejitunza ili binti yao asiwe mjane mapema ndiye mkwe wanayemtaka.

Usimwambie wewe. Mkwe wa kiume hakai na mama mkwe kuzungumzia kilichomo kwenye sahani, na huko Umakondeni hilo lingemtia haya yeye kuliko wewe. Mwachie mkeo azungumze na mama yake, wanawake wawili jikoni au kwenye simu. Ukiona jambo ni zito, mjomba wa mkeo apate habari kwanza, maana neno la mjomba lina uzito katika ukoo. Na mkeo asianze na makatazo. Aseme: "Mama, mume wangu ana kisukari, tulichelewa kukuambia, utusamehe. Daktari kamzuia ugali, lakini kisamvu chako na kuku wako anavila mpaka anaramba vidole." Mama akishajua mgonjwa wake anaweza kula nini, hatakaa bure. Atakuchumia majani ya kunde, atakuwekea mayai ya kienyeji, atakuchinjia jogoo. Upendo wake unataka pa kupitia, mpe njia.

Na wewe usifike mikono mitupu. Tandahimba iko mbali na bahari, samaki mzuri pale ni zawadi. Pita soko la samaki la Feri asubuhi, nunua changu au kolekole, mweke kwenye barafu, au beba waliobanikwa kama safari ni ndefu. Kitoweo alicholeta mkwe ndicho kitakachopikwa siku hiyo, na ndicho kitakachokaa mbele yako. Ugali wa muhogo utakuwepo, na uwepo. Kata matonge mawili matatu, yachovye kwenye kisamvu chake, mwambie mkono wake haujapotea. Akikusukumia zaidi, mkeo ndiye ajibu, na kama mkeo hakwenda, jibu "nimeshiba mama, ahsante" na usogeze bakuli la samaki karibu.

Mwambie mkeo apige simu siku mbili tatu kabla hujapita huko. Asingoje ile jioni unapokaribia kufika, maana saa hiyo muhogo umeshatwangwa na maji yameshabandikwa jikoni.